Ndoo ya Damari Kigali

Wewe uliyelala hoteli za nje, ulimwona mwenzetu Damari pale stendi ya Ilongero akipakia ndoo, shuka na birika, ukageuza uso bila kumwonya. Sijasahau. Alikuwa anapeleka mafuta yetu ya alizeti kwenye maonyesho Kigali, na ndoo hiyo na vyombo vyake vikamwachia nafasi ya chupa mbili tu.

Chumbani hotelini akakuta taulo, sabuni, birika la umeme, mpaka ndala! Asubuhi akatandika kitanda na kufagia, kama mgeni mwenye adabu. Mhudumu akaingia, akaduwaa.

“Mama, unataka kazi yangu?”

“Mwanangu, nilale kwenu niache kitanda ovyo? Marehemu mama atanifufukia!”

Wakacheka mpaka machozi. Damari akampa chupa moja, maana nyumba uliyolala huiagi mikono mitupu. Chupa ikafika jikoni. Mpishi akakaangia mayai, akaja mwenyewe mbio.

“Mengine yako wapi?”

Yako Ilongero, yamenyimwa nafasi na ndoo! Hata hivyo mpishi akaagiza madumu, na kijiji kizima tukacheza.

Kesho mwenzetu Flora anapeleka mafuta Lusaka. Ndoo ameshaifunga. Tukimwambia hoteli ina kila kitu, “Kigali ni Kigali,” anatujibu. Wewe hoteli za Lusaka umewahi kulala. Inuka sasa hivi, kampokonye hiyo ndoo!