Asubuhi Aliyoachiwa Mama Mkwe

Alfajiri Damaris alikaa kitandani amevaa viatu, akisikiliza bahari aliyozuiwa kuiendea. Alikuwa na hasira.

Tangu Calvince, mume wa bintiye Sheryl, awalete likizo Diani, kila alfajiri Damaris alikuwa akitembea ufuoni peke yake hadi kwenye mwamba mweusi, kisha anarudi. Kwao Itumbe, kwenye milima ya chai huko bara, hakuwahi kutembea bure. Ukionekana njiani una kikapu cha majani chai mgongoni, au unakwenda kumwona mgonjwa, na kila unayekutana naye atakuuliza watoka wapi, waenda wapi, nawe utamjibu. Hapa alitembea mikono mitupu, sketi ameichomeka kiunoni, maji yakimgusa miguu na kurudi, akimsalimia kila mtu kwa mkono: wauza madafu, wazungu waliokuwa wakikimbia, akina mama waliokuwa wakizoa mwani. Akirudi hotelini, mlinzi wa lango alikuwa amemtekea beseni la maji aoshe miguu. Hakuna aliyemtuma. Damaris hakukumbuka ni lini mtu alimtekea maji mara ya mwisho.

Kisha juzi Sheryl akamzuia mlangoni. Alimweleza kwa Ekegusii, lugha ya kwao, sauti chini, kwamba asubuhi ndio wakati Calvince anapotaka kuogelea, kifua wazi na kaptura fupi, na kwa kuogopa kukutana na mama mkwe katika hali ile, hata majini haingii. Likizo yake inaharibika. Mama atembee mchana.

Chinsoni, ile heshima inayomkataza mkwe na mama mkwe kuonana ovyo, Damaris mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sheryl. Naye Calvince, ingawa ni mtu wa kule ziwani, wa kabila jingine, aliishika kuliko wakwe wengi wa kwao. Damaris alipougua mwaka jana, alifunga duka lake la Suneka akampeleka hospitali, kisha akashinda nje ya wodi asije akamwona amelala.

Kwa hiyo alitii. Lakini mchana mchanga ulikuwa kama kikaango, hakufika hata nusu ya njia. Akaukasirikia mchanga. Akamkasirikia Sheryl. Mwishowe akamkasirikia hata Calvince, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku hiyo ya kukaa kitandani na viatu, wakila chakula cha mchana, Sheryl aliinuka kwenda kuchukua matunda. Calvince akasema huku akitazama sahani yake, kwa Kiswahili, lugha yao wawili.

"Mama, mguu unakusumbua?"

"Mguu ni mzima."

"Mlinzi ananiuliza mama yuko wapi. Anasema yale maji anayamwaga tu."

Damaris akaweka kijiko chini. Akamwambia asijali, yeye aogelee asubuhi zake kwa amani, hatamkuta njiani tena.

Calvince alisahau adabu kidogo, akamtazama. "Mimi huogelea jioni, mama, ukishaingia kupumzika. Tangu tufike. Asubuhi nilikuachia wewe."

Sheryl akarudi na papai. Damaris angeweza kumuuliza palepale, na ulimi ulimwasha kweli, lakini hakutaka kumwaibisha bintiye mbele ya mumewe. Akala papai lote bila kujua ladha yake.

Chumbani Damaris alifunga mlango wakiwa wawili, akamuuliza. Sheryl alizungukazunguka na maneno, kisha akasema ukweli. Gentrix, mwenzake wa kazini kule Kisii, alikuwa amefikia hoteli hiyohiyo na marafiki zake. Alimwona Damaris na sketi kiunoni akipeana mikono na wauza madafu, akacheka, akamuuliza Sheryl kama amekuja likizo na mchuma chai wake.

"Nilishindwa kumwambia wewe ni mama yangu."

"Ukamwambia ni nani?"

"Nilimwacha aamini hivyo, nikakuzuia asubuhi asije akakuona tena."

"Ungeniambia unanionea haya," Damaris alisema polepole, "ningekukasirikia yakaisha. Lakini umenifanya nimchukie mtu anayeniheshimu. Na heshima niliyokufundisha mimi, ndiyo uliyonifungia nayo mlango."

Sheryl akalia. Leso ilikuwa mkononi mwa Damaris, na mkono ule, uliozoea kuyafuta machozi hayo tangu utotoni, ulitaka kunyanyuka. Akauzuia.

Kesho yake alichomeka sketi kiunoni humohumo chumbani, kabla ya kutoka. Gentrix na wenzake walikuwa barazani wakinywa chai, simu mkononi, wakingoja jua lichomoze. Damaris aliwatambua kwa lafudhi ya Kisii, akawaendea moja kwa moja, akampa kila mmoja mkono na kuukaza, mkono uliochuma chai tangu usichana.

"Mimi ni mama yake Sheryl," akasema. "Yule mchuma chai."

Hakuna aliyecheka. Gentrix alitafuta la kusema, akaokota lililo karibu: mama anaenda wapi mapema hivi?

"Siendi mahali," Damaris akajibu, na jibu hilo lilimfurahisha hata hasira ikalegea kidogo. Haikutoka.

Alitembea kwa nguvu, maji yakiruka. Karibu na mwamba mweusi alisikia nyayo nyuma yake. Ni Sheryl, pekupeku, ameinua gauni hadi magotini kwa mikono miwili. Damaris hakumwita wala hakumfukuza. Akaongeza mwendo, na nyayo za nyuma zikaongeza.

Langoni mlinzi alikuwa ameweka beseni. Alipomwona Damaris akasimama wima, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Damaris alimshukuru kwa jina, kisha akaosha miguu taratibu, mmoja baada ya mwingine. Maji yaliyobaki, yenye mchanga wake, hakuyamwaga. Alimwachia bintiye, akaingia ndani bado hajamsemesha.