Nyasi za Bonde Lililofungwa

Shangazi Malikeleli aliuweka mundu wake mezani kwangu, juu ya ramani kabisa, akajikunja ndani ya blanketi lake na kuketi bila kukaribishwa.

"Katibu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. Yeye ndiye aliyenilea, na jina langu nyumbani kwake lilikuwa Mdomo. "Nipe kibali nikate nyasi. Paa langu limeoza. Nalala nikitazama nyota kama mchungaji."

"Watalii wanalipia nyota tano, Shangazi. Wewe unazo zote bure."

Hakucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, katibu wa kamati ya ardhi ya halmashauri yetu, na muhuri ulikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Miezi minane kabla ya siku hiyo tulikuwa tumepitisha mpango wa kuhifadhi bonde. Ulikuwa mpango mzuri, nasema hivyo hata leo. Mifugo ilikuwa imelikwangua bonde mpaka mfupa, na kila mvua ilituachia korongo jipya. Kwa hiyo kifungu cha nne kilifunga ardhi yote chini ya maporomoko ya maji kwa miaka mitatu: hakuna kuchunga, hakuna kukata.

Kifungu cha tisa nilikizaa mimi, kwa mzaha. Mzee Phoofolo, fundi wetu wa kuezeka nyasi, alikuwa amejiezekea nyumba yake kwa mabati. "Mgeni anasafiri siku mbili kuja kuona maporomoko," nilisema kikaoni, "anapokelewa na paa la Mzee Phoofolo, linameremeta kama jino la dhahabu." Watu walicheka mpaka chifu akajifuta machozi. Mwenyekiti akasema, andika hiyo: nyumba zinazotazama maporomoko zisiezekwe tena kwa bati, ni nyasi tu. Nikaandika. Nyasi ndefu za kuezekea zilikuwa zimebaki bonde lile peke yake; kwingine mbuzi walishamaliza. Hakuna aliyevisoma vifungu hivyo viwili pamoja, hata mimi niliyevipiga chapa.

Nyumba ya Shangazi ilitazama maporomoko.

"Subiri kidogo," nilimwambia. "Baada ya wiki tatu maofisa wa serikali wanatoka Maseru kuja kuliona bonde. Nikikuruhusu wewe leo, kesho kijiji kizima kimepanga foleni hapa."

"Kwa hiyo wageni waangalie kwanza, halafu ndiyo mimi nilale."

"Wiki tatu tu, Shangazi."

Aliuchukua mundu, akaufuta makali kwa pembe ya blanketi. "Chifu wa zamani naye alikuwa akifunga malisho," alisema. "Lakini kabla ya kufunga alizunguka akitazama mapaa ya watu."

Sikufungua droo.

Theluji ilianguka siku kumi baadaye, siku tatu mfululizo. Majirani walimkuta asubuhi, boriti imemlalia kifuani, na nyasi zilizooza zimemfunika pamoja na theluji. Maofisa hawakuja. Barabara ilikuwa imefungwa.

Kwetu maiti hulala nyumbani kwake usiku wa mwisho kabla ya kuzikwa, na nyumba ya Shangazi haikuwa na paa. Hakuna aliyeitisha kikao. Alhamisi chifu alishuka bondeni mwenyewe, akakata konzi ya kwanza, na wanawake wakamfuata na miundu yao. Mlinzi wa hifadhi, niliyemwandikia mimi barua ya ajira, alivua kofia akaanza kufunga miganda. Theluji ilikuwa bado imejificha vivulini. Na nyasi zile, sijawahi kuona nyasi nzuri namna ile, ndefu, zimenyooka, rangi ya asali. Kifungu cha nne kilikuwa kimefanya kazi yake.

Ijumaa mchana Mzee Phoofolo alikuwa juu ya paa, mimi kwenye ngazi nikimpandishia miganda. Jeneza lilingoja kwa jirani. Alishona kila safu, akaipigapiga kwa kiganja, na moja iliyopinda akaifumua yote akaanza upya. Chini, wanawake walikuwa wamemaliza nyimbo walizozijua.

"Mzee," nilimwambia kwa sauti ya chini, "watu wanangoja. Ni ya usiku mmoja tu."

Hakugeuka. "Mimi sijui kuezeka nyumba ya usiku mmoja," alisema, na mkono wake ukabaki hewani, ukisubiri mganda mwingine.