Nusu Iliyobaki Nguzoni

Nevenka alipofika chini ya ngazi, mita kumi na nane ndani ya ardhi ya Grawin, kwenye machimbo ya vito huko Australia, hakusikia mashine ya kuchimba. Alisikia sururu ikigonga taratibu, na moyo ukampiga paa. Mchimbaji akiacha mashine akashika sururu ndogo, ujue ameona rangi ya kito ndani ya mwamba.

Alimkuta mdogo wake, Stipan, amepiga magoti mbele ya nguzo ya kati, ile waliyoiacha wenyewe bila kuichimba ili ibebe dari. Alikuwa ameshaila hadi imebaki nyembamba kama shingo ya kuku.

"Stipan. Tulikubaliana nguzo haziguswi."

"Tulikubaliana kabla hujamaliza kile kipande chako. Jana nimekiona mezani, usingizi ukagoma. Mwenzake yuko hapa hapa, dada. Njoo uchungulie."

Kipande chenyewe kilikuwa mfukoni mwa aproni ya Nevenka. Wiki mbili nyuma sururu ilipasua opali nyeusi, kito cha bei kuliko vyote shimoni, katikati. Nusu ikadondoka, nusu ikabaki ndani ya nguzo. Ile iliyodondoka Nevenka aliisaga na kuisugua siku tisa, mpaka wekundu ukawaka, akaizungushia fedha kwa mkono wake. Hereni moja. Opali hazifanani hata zitoke shimo moja, kwa hiyo pacha wake angetoka kwenye jiwe lile lile tu. Pea nzima ingewatoa kwenye kibanda cha mabati walichokaa miaka kumi na moja, na Stipan alikuwa amekichoka kuliko yeye.

Mchanga ukaanza kuchuruzika begani kwa Stipan. Hakujipangusa.

"Toka, nakuomba. Tuegemeze dari kwa magogo kwanza."

"Magogo hayaji mpaka wiki ijayo. Nipe dakika tano."

"Dari nalo umeliomba dakika tano?"

"Wewe mwoga tangu zamani. Hata bata wa bibi walikuwa wanakukimbiza."

Juu yao kitu kikalia kama mlango mkongwe. Nevenka aliogopa. Kumvuta asingeweza, Stipan ni pande la mtu. Akaitoa hereni, akaiweka juu ya jiwe, akaokota nyundo.

"Toka, au naipasua."

Stipan akacheka bila kugeuka. "Wewe? Unayeilaza kwenye pamba kama kifaranga?"

Akapiga. Mara moja tu.

Stipan aligeuka, akaona fedha iliyobondeka na chenga za kijivu. Akaitupa sururu, akamjia mbio huku akimporomoshea matusi ya nguoni. Nevenka akakimbilia ngazi, akapanda, naye akamfuata mpaka juani, bado anatukana. Ndipo Nevenka akakaa chini akalia, kwa sababu mdogo wake alikuwa juu na alikuwa mzima.

Chini hakikuanguka kitu.

Siku hiyo hakikuanguka, wala kesho yake. Stipan hakumsemesha kabisa, ila kila asubuhi, akikoroga kahawa, aliuliza swali moja.

"Dari limeanguka?"

"Bado."

"Aha."

Siku ya tano Nevenka alishuka peke yake. Nguzo ilikuwa imesimama vile vile, na dari lake juu. Akasimama kwa mbali, taa mkononi, akaliomba dari lianguke, akaona aibu, kisha akaliomba tena.