Msamaha wa Alhamisi

Kwa miaka thelathini Mwalimu Phanuwat alifundisha siasa za mataifa chuoni Bangkok, akisema lile lile: serikali haina haki ya kuwatoa watu wake kafara ili waziri apate usingizi mzuri. Wanafunzi wenye huruma nyingi aliwacheka mbele ya wenzao. Lakini hakuishia hapo. Anayechagua ubaya mdogo, aliongeza, ajue kuwa ni ubaya, asiupake sukari. Sehemu hiyo wengi hawakuiandika, maana haikutoka kwenye mtihani.

Sasa mzee alikuwa amestaafu, na nyumbani kwake alikuwa amemficha mwanafunzi wake wa zamani. Aliitwa Kop, yaani Chura, jina alilobandikwa na wanafunzi wenzake kwa kuwa hakujua kunyamaza. Kwao ni nchi ya jirani mkubwa. Aliandika mambo kuhusu wakubwa wa huko, nao wakamtaka. Wakimpata ndio basi, haonekani tena.

Jumatatu mzee alimpigia simu Rattikarn, binti aliyesoma darasa moja na Kop na sasa ni mtu mzito wizara ya mambo ya nje. Akamwomba amtafutie Kop kibali cha kupanda ndege kwenda nchi ya mbali. Ndiyo, mtu aliyewaambia vijana miaka yote kwamba ahadi haizuii jeshi, mwenyewe aliamini kwamba heshima ya mwanafunzi itaizuia serikali. Wasomi nao wana ujinga wao.

Alhamisi, siku ya kuwaheshimu walimu, Rattikarn akaja mwenyewe asubuhi na sinia la maua ya mbilingani, vichipukizi vya nyasi na ubani. Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, mara tatu.

"Mwalimu, kama nimekukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, nisamehe."

Ni maneno ya kila mwanafunzi, kila mwaka. Mzee akamgusa kichwa, moyo ukimjaa furaha.

"Nimekusamehe yote, mwanangu. Hata zile insha zako zilizonilaza usingizi. Haya, inuka. Kibali kiko wapi?"

Hakuinuka.

"Kop yuko wapi, Mwalimu?"

"Si nilikwambia yuko kwangu? Anaoga."

"Jirani ametufungia mpaka kwa ajili yake, leo siku ya ishirini na tatu. Matunda yetu ya duriani, yanayouzwa kwao, yanaozea kwenye malori. Mkoani Chanthaburi wakulima wake watatu wamekunywa dawa ya wadudu, wamekufa. Jirani akimpata Kop, mpaka unafunguliwa kesho."

Mzee akapaza sauti. "Wewe! Mlikula sahani moja na yule!"

"Na nusu ya tasnifu yangu aliiandika yeye." "Mtu mmoja, Mwalimu, na nchi nzima. Hesabu hiyo nilifundishwa na nani?"

"Nilikufundisha pia kwamba ni ubaya!"

"Ndiyo maana nimekuja na maua. Ofisini wanasema tunamrudisha mhalifu. Mimi sijasema hivyo hata siku moja. Tunamuua, najua."

Mzee alikuwa na majibu ya miaka thelathini, na kila alilolishika lilikuwa upande wa binti yule. Akaona aibu, kisha hasira ikampanda.

"Msamaha wangu naufuta. Umesikia? Sikusamehe!"

"Nimesikia, Mwalimu." Akarudisha uso sakafuni, akabaki hivyo hivyo.

Bafuni maji yakakatika. "Mwalimu!" Kop aliita kwa furaha. "Sauti ya Ratti hiyo? Mwambie asiondoke, navaa shati!"

Nje, nyuma ya nyumba, milango ya gari ilifungwa polepole, na hatua za watu zikakaribia. Mzee alifungua kinywa apige kelele, Kimbia! Wale wakulima watatu wakamjia akilini. Kwa kitambo kidogo tu akasimama vile, kinywa wazi, akipima.

Alipopiga kelele, walikuwa wameshaingia.