Maua Aliyoyaacha Mackline

Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu maishani mwake, na ikifika adhuhuri limeshasinyaa. Kwa hiyo msimu wa maua Mackline aliingia shambani kwake Karambi, juu ya mji wa Bwera, Uganda, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Kwa mwiba wa mchungwa aliinua kiutando ndani ya ua, akalichavusha kwa kidole. Bila mkono wa mtu vanila haizai huku. Nyuki wetu wanaipita tu, wana shughuli zao.

Msimu wa kwanza, mwaka 2015, hakuacha hata ua moja. Kwake ilikuwa ibada: Mungu amelifungua, wewe ni nani ulitupe? Aliimba nyimbo za kanisani, akaelea kati ya mimea kama mtu aliye usingizini, akiyaona matunda kabla hayajawa matunda.

Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe, Nasani. Shemeji yake Zedekia, anayeishi Kasese mjini, alimwachia kwa shingo upande: vanila ikimshinda, inang'olewa, unapandwa muhogo, naye arudi kwa baba yake.

Ikamshinda. Mimea ililemewa na wingi wa matunda, ikageuka njano, ikayadondosha mabichi. Mingi ilikufa. Mackline akamnunia Mungu. Ndiyo, alimnunia, alikaa kiti cha nyuma kanisani na hakufungua kinywa.

Siku ya soko Bwera alikutana na Emérance, mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, aliyemuuzia vipando vya vanila, akamweleza jinsi mimea ilivyokufa ikabaki michache.

"Ulichavusha maua yote?" Emérance aliuliza.

"Yote."

"Aa, mama. Mumea moja haiwezi kunyonyesha batoto bote hao. Kwetu tunachagua maua kidogo, ingine tunaachia Mungu."

"Mungu mwenyewe alishaniacha."

"Ile mizizi yenye imebakia, nani aliichunga?"

Njia nzima ya kurudi Mackline alikumbuka fundisho la utotoni: Mungu aliwakataza watu wake kuvuna shamba mpaka pembeni. Siku zote alidhani ni habari ya kuwahurumia maskini tu. Sasa aliona kwamba anayeacha pembe lazima aamini kuwa cha katikati kitamtosha. Yeye hakuwa ameamini. Alikuwa ameogopa, akaiita hofu yake ibada.

Zedekia alipokuja na jembe, alimsihi. "Shemeji, niachie maua ya mara moja tu. Ikikataa, nitang'oa mimi mwenyewe."

"Mara moja," alisema Zedekia. "Halafu usinililie."

Ile mimea michache iliyobaki aliifunika mizizi kwa majani makavu ya migomba, akaiombea jioni, akaipumzisha. Msimu uliofuata ikachanua kuliko zamani. Katika kila kichala alichavusha maua machache ya kwanza, kisha asubuhi moja akauchomeka mwiba kwenye kitambaa cha kichwa. Mkono ulimwasha kutaka kuendelea. Maua yaliyobaki yalimtazama, manjano, wazi kabisa, na shamba zima lilinyamaza katika ukungu mweupe hata asijue kama ameamka au bado anaota. "Haya ni yako, Bwana," alisema, akakaa chini, akayaangalia yakisinyaa mpaka ya mwisho. Alilia sana asubuhi ile. Kuchavusha hakukuwahi kumchosha namna hiyo.

Matunda yalipokomaa, Zedekia alipanda tena kutoka Kasese, jembe begani. Alizunguka mmea hadi mmea, akapima unene wa matunda kwa vidole, akafunua majani makavu kutazama mizizi. Yote ilikuwa hai. Mackline akaanza kuogopa upya.

"Shemeji," alisema mwishowe, akilishusha jembe, "hii kitu inapandwa kwa kukata kipande, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi nikatie moja. Mimi pia niko na kashamba kule nyuma ya nyumba."