Nyumba ya Tisa

Mikate ya kuviringisha ilikuwa sita, mitatu ya mbegu za mpopi na mitatu ya kokwa za jozi, na Piroska aliifunika kwa kitambaa safi ili isikauke kabla ya saa kumi na moja jioni. Mmoja wa jozi ulikuwa umepasuka ubavuni ukiwa ndani ya oveni. Huo aliugeuza, ufa ukatazama ukutani, maana jirani yake Gizella ana macho ya kuona vitu kama hivyo.

"Mikate yote hiyo," alisema Vanda, aliyekaa karibu na jiko la kuni akimenya viazi, "wanakuja watu au linakuja jeshi?"

"Wanakuja watu ishirini, na kila mmoja hula kama askari. Wewe shughulika na maneno yako."

"Maneno yangu nayajua."

"Haya, nisikie. Wakibisha mara ya kwanza?"

"Nawauliza ni akina nani. Wanasema ni seremala na mkewe, wamechoka, wametoka mbali. Nawaambia nyumba imejaa."

"Mara ya pili?"

"Nawaambia nyumba imejaa, waende zao wasije wakaamsha mbwa."

"Na ya tatu?"

Vanda aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni. "Ya tatu nasema, 'Ingieni, tutabanana.' Halafu nafungua. Bibi Piroska, mimi nimepika jikoni mwa shule miaka kumi na tisa, nakumbuka nani hali vitunguu na nani hali karoti. Nitashindwa na maneno mawili?"

"Siyo kushindwa. Ni kwamba ukifika mlangoni utatetemeka. Wote hutetemeka."

Katika vijiji vya Zala, huku Hungaria, kila mwaka kuanzia tarehe kumi na tano Desemba, picha ya Familia Takatifu hutembea nyumba tisa kutafuta pa kulala. Hulala usiku mmoja tu kila nyumba. Jioni inayofuata wenye nyumba huibeba hadi nyumba nyingine, majirani wakiwa nyuma yao na mishumaa ndani ya chupa za jemu, wanaimba, wanabisha, wanakataliwa mara mbili, mara ya tatu wanafunguliwa. Picha hairudi nyuma na haikwami njiani. Hiyo sheria aliiweka mama yake Piroska, na picha yenyewe ilikuwa yake. Ile miaka ya ukomunisti, ambapo wakubwa wa serikali hawakutaka kusikia habari za kanisa, aliificha nyuma ya cheti cha ng'ombe bora wa chama cha ushirika, kikaning'inia sebuleni, na wakubwa wenyewe wakaja kukisifu. Alipofariki, Piroska akairithi picha pamoja na sheria yake. Nyumba ya tisa, ya mwisho, ikawa kwake miaka yote.

Na ni yeye aliyekuwa akiwasimulia watoto hadithi, picha ikishawekwa mezani. Alijua namna ya kuisimulia. Akifika kwa mwenye nyumba ya wageni aliyewafukuza, alitoa tumbo mbele, akabana pua, akasema kwa sauti ya bata, "Hakuna nafaaasi!" Watoto walivunjika mbavu. Hata dukani walimvuta koti: "Bibi, fanya yule mwenye nyumba!"

Vanda hakuwahi kuisikia hadithi hiyo akiwa ndani ya nyumba. Alizaliwa mtaa wa Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi na kuwabagua, ng'ambo ya kijito, na huko picha haikuvuka hata mara moja. Alipokuwa mdogo yeye na dada zake walisimama nje ya mageti ya watu, wakasikiliza nyimbo, halafu mlango ulifungwa na wao wakarudi na baridi yao. Mwezi wa Novemba theluji nzito ya mapema iliangusha paa lake. Piroska alikwenda na toroli, akabeba magodoro mawili na redio, akampa chumba cha mwanawe anayefanya kazi Austria. Hakumwuliza mtu. Vanda alikuwa na miaka arobaini na sita, alivuta sigara kwenye ngazi za nyuma, na alikoroma kama trekta. Usiku mmoja alisema, "Bibi, hivi kwa nini hasa wanaibeba ile picha kwenye baridi yote ile? Nimewatazama maisha yangu yote, sijaelewa." Piroska akasema, "Tarehe ishirini na tatu utafungua mlango wewe mwenyewe. Halafu nitakueleza, ukiwa umekaa."

Aliahidi hivyo, na tangu siku hiyo Vanda alirudia maneno yake akiosha vyombo, akifagia, hata msalani alisikika.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu alikuja Ilka. Ilka na Piroska walianza darasa la kwanza siku moja, wakakaa dawati moja, wakapata chawa wiki moja. Ilka ndiye mama wa ubatizo wa mwanawe Piroska. Miguu ya Piroska ilipoanza kuvimba, Ilka ndiye aliyechukua kazi ya kuwapigia watu simu na kuwapanga. Mwaka huu nyumba ya nane ilikuwa yake, kwa hiyo picha ilikuwa imelala kwake.

Alikuja na kikapu cha vikombe kumi na viwili, vile vya maua ya buluu alivyopewa siku ya harusi.

"Shoga yangu, nilijua vyako havitatosha," alisema, akavipanga mezani kimoja kimoja, mikono ya vikombe yote ikielekea upande mmoja. Akaonja kipande cha mwisho wa mkate, ule unaokatwa na kuliwa na wapishi. "Mh. Mwaka huu umeweka limau."

"Ganda tu, kidogo."

"Imekubali." Kisha akasimama akitazama kibanda kidogo cha nyasi kavu alichotengeneza Piroska katikati ya meza, mahali pa kuegemeza picha. Alikitazama muda mrefu. Vanda alimsalimu, naye akaitikia, "Haya, Vanda," bila kumwangalia.

"Saa kumi na moja, basi," alisema Piroska mlangoni.

"Saa kumi na moja," alisema Ilka, akambusu mashavu yote mawili.

Saa kumi na nusu kiza kilishaingia. Chai ya mdalasini ilikuwa inatoa mvuke. Vanda alivaa sketi yake ya buluu, akafunga nywele, akasimama nyuma ya mlango mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Natetemeka," alisema.

"Nilikwambia."

Wakasikia wimbo ukianzia kwa Ilka, chini barabarani. Piroska alizima taa ya jikoni ili mwanga wa mishumaa uonekane vizuri ukipanda. Alisimama dirishani. Chupa za jemu zilikuja mbili mbili juu ya theluji, na mbele kabisa Ilka, amevaa koti lake la kijivu, amekumbatia picha kifuani. Walifika kwenye geti. Piroska aliona jinsi koti lile lilivyokosa kifungo cha tatu, kifungo ambacho yeye mwenyewe aliahidi kumshonea.

Ilka hakusimama. Hakugeuza hata shingo. Alipita, na nyuma yake walipita wote, wanaimba. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kwenye dirisha, mama yake akaushusha mkono wake.

"Bibi," Vanda alinong'ona, "mbona sauti inakwenda?"

Piroska alisogeza uso kwenye kioo. Alidhani labda wanazunguka, labda wamemsahau mtu wanakwenda kumchukua. Wimbo ulipanda hadi nyumba ya matofali ya Gizella, juu kilimani. Ukanyamaza. Kikasikika kicheko cha watoto, cha kukataliwa mara ya kwanza. Kingine, cha mara ya pili. Halafu mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Ndipo Vanda alipoachia kitasa.

"Ni kwa ajili yangu," alisema.

"Nyamaza. Nipe koti."

"Bibi, usiende. Miguu yako."

"Nipe koti, Vanda."

Alimpa. "Mimi nitakaa hapa hapa mlangoni," alisema. "Pengine mtarudi nao."

Piroska alipanda kilima polepole, akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Kwa Gizella taa zote zilikuwa zinawaka. Alibisha.

"Nani ninyi?" watu walipaza sauti kwa pamoja kutoka ndani, kwa furaha, wakidhani ni aliyechelewa.

Mdomo wa Piroska ulijibu wenyewe, maana maneno hayo alikuwa ameyafundisha yeye. "Tumechoka. Tumetoka mbali."

"Nyumba imejaaa!" wakaitikia, na watoto wakabana pua, sauti ya bata, vile vile alivyowafundisha. Wakacheka.

Akabisha tena.

Safari hii cheko lilikatika katikati. Walikuwa wameitambua sauti. Alisikia kiti kikisogezwa na Gizella akisema kitu kwa ukali. Akabisha mara ya tatu, akangoja neno lile la "Ingieni," akiwa ameshika ukuta. Halikuja. Mlango ulifunguka kidogo, akatoka Ilka peke yake, akaurudisha nyuma yake kwa mgongo.

"Piroska. Miguu yako, na baridi hii."

"Umepita kwangu."

"Sikiliza kwanza, shoga yangu."

"Umepita kwangu, Ilka. Na picha ya mama yangu mkononi."

Ilka alishika mkono wake, akanena kwa sauti ya chini, ya upole. "Gizella alisema hawezi kukaa meza moja na... unajua. Akina Ferenc wakamuunga mkono. Nyumba nne kati ya tisa, Piroska! Walisema ikienda kwako, wao wanarudi makwao. Ningefanyaje? Picha ingekwama. Ni wewe unayesema picha isikwame kamwe."

"Watoto wao wanakula chakula cha mkono wa Vanda kila siku ya Mungu."

"Shuleni ni shuleni."

"Ulijua lini?"

Ilka alitazama viatu vyake. "Tangu Jumapili."

"Na leo asubuhi ukaniletea vikombe."

"Sikuwa na moyo wa kukwambia. Ulikuwa umefurahi mno. Nilisema labda watabadilika..." Akamsogelea zaidi. "Nimeshafikiria. Kesho asubuhi na mapema nitakuletea, kwa njia ya bustani. Hakuna atakayeona. Itakaa kwako kutwa nzima, hiyo ni zaidi ya usiku mmoja! Unajua ninavyokupenda. Ningekuwa na uwezo ningewafungulia wote. Ila nyumba si yangu."

Piroska aliutoa mkono wake taratibu, kama mtu anayevua glavu iliyolowa.

"Rudi ndani," alisema. "Unaingiza baridi kwa watu."

Alipofika nyumbani Vanda alikuwa bado amesimama nyuma ya mlango. Alimsikia akikanyaga ngazi, na kutoka ndani aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani?"

"Ni mimi tu."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Kitasa kikalia. Halafu Vanda akasema, "Ingia, tutabanana," na akafungua.

Piroska alikaa, akavuliwa viatu. Vanda alikata mkate uliopasuka, akajaza vikombe viwili, akatazama vile kumi vilivyobaki na ile mikate mitano.

"Bibi wewe, mpaka Pasaka tutakuwa tunakula mpopi," alisema. Alijitilia sukari vijiko vitatu. "Haya. Nimekaa. Uliahidi utanieleza."

"Sina hamu, Vanda."

"Uliahidi."

Basi Piroska akasimulia, akielekea kibanda cha nyasi kilichokuwa wazi. Alisimulia kuhesabiwa kwa watu, njia, punda, uchungu ulivyomshika mama. Akafika kwenye nyumba ya wageni. Akavuta pumzi ili abane pua, lakini mkono wake haukuinuka.

"Mwenye nyumba akatoka," alisema. "Akaurudisha mlango nyuma yake kwa mgongo, watu wa ndani wasisikie. Akamshika Yosefu mkono. Walijuana, unajua, Yosefu alikuwa mwenyeji wa mji ule. Akamwambia kwa upole kabisa, 'Ndugu yangu, ningekuwa na uwezo ningekufungulia. Lakini ninao wageni, wamesema ninyi mkiingia wao wanatoka. Zunguka nyuma, kwenye mifugo. Hakuna atakayeona. Unajua ninavyokupenda.'"

Vanda aliacha kutafuna. "Mimi nilidhani alikuwa mtu mbaya. Watoto shuleni humwigiza kama bata."

"Ni mimi niliyewafundisha," alisema Piroska. "Miaka yote hii niliwafundisha vibaya."

Akaendelea na hadithi hadi mwisho, na wachungaji, na wimbo wa malaika. Vanda alilia ilipofika mahali pa mama kumlaza mtoto kwenye hori, akasema ni moshi wa jiko.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, kabla hakujapambazuka vizuri, hatua zilisikika bustanini. Mlango wa nyuma ukabishwa, kwa kucha, kama paka. Piroska alikuwa anawasha jiko. Alikwenda hadi mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Nani ninyi?" aliuliza.

Upande wa pili kulikuwa na mtu anayepumua. Alimjua kwa pumzi, walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni. Kulikuwa na maneno ya kujibu, na Ilka aliyajua kuliko mtu yeyote kijijini. Piroska alingoja. Ukuni ulipasuka ndani ya jiko. Kama Ilka angeyasema, yeye angefungua, na angemtengenezea kahawa.

Ilka hakuyasema. Kitu kiliwekwa kwenye ngazi, hatua zikarudi kwa njia ile ile.

Picha ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Vanda aliifungua, akaifuta kwa mkono wa sweta, akaiegemeza kwenye nyasi na kurudi nyuma kuitazama.

"Kumbe wadogo hivi," alisema.

Mchana Piroska alivifunga vile vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akavipanga kikapuni. Alikuwa ameviosha vyote, hata vile kumi ambavyo hakuna aliyevinywea. Vanda alivipeleka, akakitundika kikapu kwenye geti la Ilka, kwa upande wa barabarani, mahali ambapo kila apitaye anaona.