Baba Mdogo

Sadoki Simbeye aliingia ofisi ya serikali ya mtaa akiwa amemshika baba yake mkono, na kabla hata hawajaketi alikuwa ameshajutia kuja. Si kwa sababu ya foleni, maana foleni haikuwepo. Ni kwa sababu ya makabati. Mara ya mwisho alipokanyaga pale, miaka kumi na moja iliyopita, karatasi za watu zilikuwa kwenye maboksi ya sabuni chini ya meza, na panya walikuwa wakijilia walichotaka. Sasa kulikuwa na makabati mawili ya chuma, kila droo imeandikwa herufi yake.

“Karibuni sana. Shikamoo, mzee,” alisema mtendaji wa mtaa, dada mmoja wa Ileje aitwaye Gwantwa, aliyehamishiwa Tunduma mwaka jana.

“Marahaba, mama,” Mzee Yesaya alijibu, uso wake ameuelekeza dirishani, kwa kuwa mwanga ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Vwawa wiki inayofuata, na mzee asiye na uwezo angetibiwa bure, ilimradi aje na barua ya mtaa inayosema yeye ni nani na anaishi kwa nani. Asipokuwa nayo, basi arudi zake kijijini Ndalambo akae gizani.

“Nimemleta mzee,” Sadoki alisema. “Anahitaji barua ya utambulisho. Yuko kwangu tangu mwezi wa nane.”

Alitumia neno “mzee”. Nyumbani humwita tata, kama Wanamwanga wanavyowaita baba zao, na tangu asubuhi alikuwa amemwita hivyo mara ishirini. Lakini mzee ni neno pana, linamtosha yeyote mwenye mvi, na Sadoki alilichagua kwa makusudi huku akijifanya hakulichagua.

Tuseme ukweli wake mapema, maana yeye mwenyewe asingeusema. Miaka ile kumi na moja iliyopita, watu wa Tunduma walipokuwa wakiandikishwa vitambulisho, waliulizwa baba alizaliwa wapi. Mzee Yesaya alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, katika ukoo ambao nusu yake iko huko na nusu iko huku, na zamani hizo hakuna aliyejali. Safari hii walijali. Wenye baba wa ng'ambo waliwekwa pembeni, wakaambiwa wawalete wazee wao wahojiwe, na wengine walizungushwa mpaka wakachoka. Sadoki alikuwa amepata kazi ya ukarani kwenye kampuni ya kupitisha mizigo mpakani, na kazi ilitaka kitambulisho mwezi huohuo. Marehemu haitwi kuhojiwa. Basi akachukua kalamu akamuua baba yake kwenye fomu ya mtaa, kwa mwandiko mzuri kabisa: amefariki, Ndalambo, 1994. Jioni ile alikula akashiba, akalala.

Tangu hapo alikuwa akijipa moyo kwamba panya wameshaimaliza ile karatasi.

“Jina lako, kaka?” Gwantwa aliuliza.

“Sadoki Simbeye.”

“Siku hizi hatuhangaiki kutafuta,” alisema kwa majivuno kidogo, akivuta droo. “Nilikaa miezi mitatu napanga haya madude, kila kaya na karatasi zake. Mgeni akija, tunamwandika chini ya mwenyeji wake.” Akafungua faili. “Haya. Sadoki Simbeye. Mke, Jenista. Watoto watatu. Baba...” Akaisogeza karatasi karibu. “Marehemu Yesaya Simbeye. Alifariki mwaka 1994.”

Alilisoma hilo kwa sauti ileile aliyowasomea watoto watatu. Sadoki alihisi masikio yanawaka moto. Hakuthubutu kumtazama baba yake. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu ya goti la mwanawe, ulipowekwa tangu walipoketi, na haukuondolewa. Laiti ungeondolewa, ingekuwa nafuu.

“Na huyu mzee sasa ni nani wako?”

Jibu lilikuwa na maneno matatu tu: ni baba yangu. Lakini Sadoki aliyaona yanayofuata baada ya hayo matatu. Kwenda mahakamani kula kiapo. Kuulizwa kwa nini aliidanganya serikali. Kitambulisho kushikiliwa, kazi kuyumba, barua isitoke leo wala wiki hii, na madaktari waje waondoke. Alijiambia kwamba ananyamaza kwa ajili ya macho ya mzee. Hata yeye hakujiamini alipojiambia hivyo.

“Ni baba...” alianza.

Gwantwa aliinua kalamu. “Baba?”

“Mdogo,” Sadoki alisema. “Baba mdogo.”

Likawa limetoka. Alijiona mtu wa ovyo, wa ovyo kabisa, kuliko hata siku ile ya fomu, kwa sababu siku ile alimkana mtu aliyekuwa mbali shambani, na leo amemkana akiwa amekaa naye benchi moja.

“Kwa hiyo ni mdogo wake marehemu,” Gwantwa alisema huku akiandika. “Jina lako, mzee wangu?”

Hapo Sadoki alijua mambo yameharibika. Mzee Yesaya alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, mtu asiyeweza kudanganya hata bei ya debe la mahindi. Mzee alijiweka sawa kwenye benchi. Akakohoa, akajifuta mdomo kwa leso.

“Kefa,” alisema. “Kefa Simbeye.”

Kefa alikuwepo kweli. Alikuwa mdogo wake, alikufa kwa surua kabla hajamaliza kuota meno, na Sadoki alilijua jina hilo kwa kuwa bibi yake alikuwa akilitaja kila surua ilipoingia kijijini.

“Umezaliwa wapi, mzee?”

“Ndalambo.”

Gwantwa alimaliza kuandika. Alikuwa binti aliyelelewa vizuri, kwa hiyo aliweka kalamu chini kwanza. “Pole sana kwa kaka yako.”

“Asante, mama,” Mzee Yesaya alisema. “Ni siku nyingi. Tulishapoa.”

Sadoki alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake ikabidi asaidie, amshike baba yake kidole gumba, akichovye kwenye wino, akikandamize kwenye nafasi ya sahihi ya Kefa. Kisha muhuri ukagongwa.

Nje, malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, injini zimezimwa, madereva wameketi chini wakinywa chai. Walitembea hadi kwenye kivuli cha ukuta wa duka moja la vifaa vya ujenzi, na hapo mzee akasimama.

“Nisomee.”

“Ni barua ya kawaida tu, tata. Inasema wewe ni mkazi wa...”

“Isome ilivyo.”

Sadoki akaikunjua. “Namtambulisha kwako Bwana Kefa Simbeye, mkazi wa mtaa wangu, anayeishi kwa mtoto wa marehemu...” Akarudia tangu mwanzo, safari hii akafika mwisho, mpaka kwenye tarehe.

“Huyo kaka yangu,” mzee aliuliza, “alikufa kwa ugonjwa gani?”

Mama mmoja aliyebeba ndoo ya nyanya alipita karibu, akageuka kumwangalia mwanaume mzima mwenye shati la kazini anayelia mchana kweupe. Sadoki alimwona, wala hakujificha. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kuonwa na mpita njia.

“Hakuumwa, tata. Mimi niliogopa. Waliuliza ulizaliwa wapi, nikaogopa kazi itaniponyoka. Nikakuandika umekufa.”

Mzee Yesaya alinyoosha mkono akaichukua barua. Aliikunja taratibu kwa kupapasa, kona kwa kona, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

“Ungeniuliza tu, mwanangu,” alisema. “Ningekubali.”